Vitabu Vinavyotufikia kwa Masikio

Kwa miaka mingi nimewafunza wanafunzi wangu historia ya usanifishaji wa Kiswahili kwa maandishi yale yale niliyosomeshwa nayo mimi. Juzi, matatu ikiwa imekwama katika msongamano wa magari, nilisikiliza podikasti za New Books Network, mtandao uliochipuka kutokana na ile ya historia aliyoianzisha Marshall Poe mnamo 2007. Humo waandishi huhojiwa kuhusu vitabu vyao vya kitaaluma. Ndipo nilipojua kwamba Morgan J. Robinson alichapisha mwaka wa 2022 kitabu kizima kuhusu somo langu, A Language for the World. Niliona haya, msomaji.

Kesho yake nilikwenda maktaba. Hakimo. Nilipoanza kulalama, mkutubi aliniuliza, kwa adabu zake zote, ni lini nilipomletea orodha ya vitabu vya kununuliwa. Sikuwa na jibu.

Lakini lipo lililonikera zaidi: mjadala wa Kiswahili uliendeshwa kwa Kiingereza kitupu. Wa kulaumiwa si wageni, la hasha! Sisi wenye lugha tumemhoji nani? Mwenzangu idarani ana kitabu kinachokula vumbi tangu kichapishwe. Amekubali nimhoji kwa Kiswahili, kwa simu yangu hii hii.