Kwa nini kidonge hiki hakimezwi

MZEE ameketi sebuleni akitazama habari, mara anashika kifua. Jasho linamtoka. Mjukuu anakimbia kabatini na kuleta kidonge pamoja na gilasi ya maji. Mzee anakimeza na jamaa wote wanashusha pumzi. Kumbe sehemu kubwa ya dawa hiyo haitaufikia moyo.

Kosa kama hili laweza kutokea katika nyumba yoyote. Dawa yenyewe ni nitrogliserini, ambayo hupewa watu wanaoumwa na kifua kwa sababu mishipa inayoulisha moyo imekuwa myembamba. Ikimezwa, hupitia tumboni hadi kwenye ini, na ini huivunjavunja nyingi yake.

Chini ya ulimi mambo ni tofauti. Ngozi ya hapo ni laini na nyembamba, na imejaa mishipa midogo ya damu. Dawa hupenya na kuingia katika damu bila kupitia ini kwanza. Nafuu huanza kwa dakika moja hadi tatu.

La kushangaza ni kwamba nitrogliserini ndiyo hiyo hiyo ya kutengenezea baruti. Daktari William Murrell wa London alieleza mwaka 1879 jinsi inavyotuliza maumivu ya moyo. Alfred Nobel, aliyetajirika kwa baruti, aliandikiwa dawa hiyo mwaka 1896, mwaka aliofariki. Lakini usiogope, kiasi kilichomo kidongeni ni kidogo mno, hakiwezi kulipuka.

Njia hii ina faida nyingine. Mtoto anayetetemeka kwa kifafa hawezi kumeza, hivyo daktari huweza kuagiza midazolamu ya maji itiwe kati ya shavu na ufizi. Naye aliyezidisha heroini huokolewa kwa naloksoni inayopuliziwa puani.

Hata hivyo, si kila kidonge kinafaa kuwekwa chini ya ulimi. Fuata maagizo ya daktari.

Anayetumia nitrogliserini aketi kwanza, kwani hushusha presha na anaweza kuanguka. Asiitumie kamwe ikiwa amemeza Viagra. Vidonge vikae katika chupa yake ya kioo, imefungwa vizuri, la sivyo vitapoteza nguvu. Na maumivu yasipopungua baada ya dakika tano, mgonjwa akimbizwe hospitalini.

Jioni ya leo, waeleze hayo wote nyumbani, hasa yule mjukuu wa gilasi ya maji.