Kusoma Nishati Kwenye Lebo ya Chakula: Mwongozo kwa Mgonjwa na Mhudumu wa Afya

Maduka ya Kisongo, kando ya barabara kuu itokayo Arusha mjini kuelekea Makuyuni, huuza vyakula vya aina mbili. Vipo visivyo na maandishi yoyote, kama maharage, ndizi na maziwa ya ng'ombe. Na vipo vilivyofungashwa viwandani, kama biskuti, juisi, soda, unga na mafuta ya kupikia. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyeshauriwa kupunguza vyakula vyenye nishati nyingi, kundi la pili lina faida moja: mara nyingi kiasi cha nishati kimeandikwa kwenye kifungashio. Hata hivyo, tarakimu hizo ni rahisi kusomwa visivyo.

Vipimo viwili, kitu kimoja

Nishati ya chakula huandikwa kwa kilokalori (kcal) au kilojuli (kJ). Kilokalori 1 ni sawa na takriban kilojuli 4.2. Hivyo, lebo inayoonesha kJ 880 na kcal 210 inataja kiasi kilekile kwa vipimo tofauti. Katika mazungumzo ya kawaida, neno "kalori" humaanisha kilokalori.

Gramu 1 ya wanga au ya protini hutoa takriban kilokalori 4, ilhali gramu 1 ya mafuta hutoa 9. Ndiyo maana kijiko kikubwa kimoja cha mafuta huongeza zaidi ya kilokalori 100 kwenye mboga. Vitamini na madini havitoi nishati. Kwa hiyo alama ya urutubishaji kwenye pakiti ya unga haisemi lolote kuhusu kalori.

Kalori hizi ni za kiasi gani?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote. Tuchukulie chupa ya soda ya mililita 500 ambayo lebo yake inaonesha kcal 42 na gramu 10.5 za sukari kwa kila mililita 100. Anayeimaliza chupa hiyo hapati kilokalori 42, bali 210, pamoja na gramu 52.5 za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya namna hiyo isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, kikomo hicho ni gramu 50. Chupa moja tu imekwisha kukivuka.

Kwa biskuti, lebo huweza kutaja vipande vitatu tu, ilhali pakiti ina kumi na viwili. Anayeila yote azidishe mara nne. Kwa unga wa mahindi, takriban kilokalori 360 kwa gramu 100 ni za unga mkavu, si za ugali uliokwisha kunywa maji. Pima unga kabla ya kusonga.

Maneno "haijaongezwa sukari" nayo hayamaanishi "haina sukari". Juisi ya matunda ina sukari yake ya asili, nayo hupandisha sukari ya damu.

Namba kubwa si adui daima

Mtoto mwenye utapiamlo mkali huhitaji nishati nyingi katika chakula kidogo. Pakiti ya gramu 92 ya chakula tiba cha karanga na maziwa hubeba takriban kilokalori 500, na huo ndio ubora wake. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyekonda naye asishauriwe kama mwenye unene uliozidi.

Kwa mhudumu wa afya

Mwombe mgonjwa aje na pakiti tupu za vyakula anavyotumia nyumbani, kisha msome pamoja mambo matatu: kalori ni za kiasi gani, yeye hula kiasi gani, na nishati hiyo inatokana na nini. Nusu lita ya maziwa yasiyotiwa sukari huweza kuwa na kalori nyingi kuliko soda ile, lakini huleta pia protini na kalsiamu.

Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze mlo kwa kufuata lebo peke yake. Mlo ukipungua na dawa ikabaki ileile, sukari ya damu huweza kushuka hadi kiwango cha hatari. Dozi na mlo vipangwe pamoja kliniki.