Tanzania kutoka angani: picha ya setilaiti inamwambia nini mfanyabiashara wa mpakani

Mtanzania anayefungua picha ya setilaiti ya nchi yake kwa mara ya kwanza hutafuta vitu viwili: kwao, na mpaka. Kwao hupapata kwa taabu kidogo, akianzia ziwani au mlimani na kusogea taratibu hadi kwenye bati la nyumba anayoijua. Mpaka haupati. Mstari unaoonekana kwenye kompyuta au simu umechorwa na programu juu ya picha. Ukiondolewa, ardhi inaendelea tu. Pale mpaka unapofuata mto, kama Ruvuma upande wa Msumbiji au Songwe upande wa Malawi, mto huonekana, lakini hauna tofauti na mito mingine ya ndani ya nchi.

Upande wa Kenya hali hiyo ni wazi zaidi. Mpaka huo una urefu wa takriban kilomita 770, na sehemu yake kubwa ni mistari miwili iliyonyooka kama iliyopigwa kwa rula. Chanzo chake ni makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, yaliyoweka mstari kutoka mdomo wa mto Umba, pwani, ukizunguka Mlima Kilimanjaro kwa kaskazini hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria, nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Inasimuliwa sana kwamba kona ya Kilimanjaro ilitokana na Malkia Victoria kumzawadia mlima mjukuu wake Wilhelm. Hadithi ni tamu lakini haina ushahidi, na mwaka 1886 Wilhelm alikuwa bado hajawa mfalme wa Ujerumani.

Cha kushangaza ni kwamba mistari mikali ipo kwenye picha, ila si ya nchi na nchi. Ukiangalia magharibi mwa Serengeti, upande wa mkoa wa Mara, mashamba na makazi yanafika hadi mpaka wa hifadhi na kukatika ghafla kama yaliyokatwa kwa kisu. Kaskazini zaidi, mahali Serengeti inapokutana na Maasai Mara ya Kenya, nyasi ni zilezile pande zote mbili, na nyumbu wanavuka kila mwaka bila kuulizwa kitu.

Kilimanjaro, Holili na Taveta

Kilimanjaro ndiyo sehemu nzuri ya kujifunzia kusoma picha hizi, kwa sababu mambo yote yamepangwa kwa miduara. Katikati kuna weupe wa barafu ya Kibo. Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na anayelinganisha picha za miaka ya 1970 na za sasa anauona upungufu huo bila kuelezwa. Kuizunguka kuna kahawia ya miamba, kisha mduara wa kijani kizito wa msitu. Chini ya msitu kuna kijani chenye madoadoa: hivyo ni vihamba, migomba na kahawa vikiwa vimechanganyika na nyumba. Kusini mwa Moshi kuna vipande vikubwa vyenye kona kali, kijani hata kiangazi. Hayo ni mashamba ya miwa ya kumwagilia. Nje ya hapo nchi inageuka rangi ya udongo.

Mfanyabiashara wa Rombo au Himo akiifuata barabara ya lami kuelekea mashariki atafika Holili, na kilomita chache mbele ataona Taveta. Kwenye picha za ukali mkubwa, zile ambazo nukta moja ni chini ya mita 1 ardhini, atayaona majengo ya kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa mwaka 2016, ambapo msafiri anakaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Malori nayo yanahesabika. Na akiacha barabara kuu ataona kitu kingine: vijia vyembamba vya rangi ya vumbi vinavyokata porini na mashambani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mpaka hauonekani, lakini njia za panya zinaonekana vizuri sana.

Wanaopita huko si wote wakwepa kodi wakubwa. Wengi ni wachuuzi, wanawake kwa wingi, wenye mzigo wa kichwani au wa baiskeli, ambao wameamini kwamba kupita kituoni ni kutozwa. Kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, mfanyabiashara hutumia cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa palepale mpakani na halipi ushuru wa forodha. Vibali vingine, kama vya afya ya mimea, bado vinaweza kuhitajika. Anayepita porini huweka rehani mzigo wote, na mara nyingine usalama wake, kukwepa ushuru ambao pengine hakutakiwa kuulipa.

Nukta moja ni shamba la ukubwa gani?

Picha za bure zinazotumika zaidi duniani zinatoka kwenye setilaiti za Landsat za Marekani, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na za Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza mwaka 2015. Nukta moja ya Landsat ni mita 30 kwa 30, yaani karibu robo ekari. Shamba la nusu ekari ni nukta mbili tu, na ukikuta mti mkubwa au nyumba ndani yake, nukta hiyo inachanganya vyote kuwa rangi moja. Sentinel-2 ina nukta ya mita 10 kwa 10, kwa hiyo robo ekari ileile inapata nukta kama 10. Zote mbili haziwezi kuonyesha gunia, wala mtu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba picha ya Tanzania nzima isiyo na wingu hata moja si picha ya siku moja. Kipande kimoja cha Landsat kina upana wa kilomita 185. Nchi nzima hupatikana kwa kushona vipande vingi, na kwa kuwa mawingu hayaondoki yote siku moja, mafundi huchagua kipande safi cha Januari hapa, cha Julai pale, wakati mwingine cha mwaka mwingine kabisa. Ni shuka la viraka lililoshonwa vizuri hata mshono hauonekani. Programu ya Google Earth, iliyotolewa mwaka 2005 na kuwafungulia watu wa kawaida picha hizi, inafanya hivyohivyo. Foleni ya malori anayoiona mtu Tunduma inaweza kuwa ya miaka mitatu iliyopita. Tarehe huandikwa chini ya picha au kwenye sehemu ya picha za zamani, na inafaa kuisoma kabla ya kumpigia dereva simu.

Kuna pia suala la saa. Setilaiti hizi hupita Afrika Mashariki karibu na saa tano asubuhi, kila safari. Soko linaloamka alfajiri na kwisha saa tatu halimo kwenye picha.

Kahawia si lazima iwe njaa

Kosa kubwa zaidi ni la rangi. Mtu aliye mbali na nyumbani anafungua picha ya Dodoma au Singida ya mwezi Septemba, anaona nchi yote imekuwa kahawia, na anaanza kuuliza ndugu kama kuna ukame. Kanda hiyo ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na Septemba huwa kahawia hata mwaka wa neema. Kilimanjaro, Kagera na ukanda wa Ziwa Victoria kwa jumla wana vuli na masika, hivyo kalenda yao ya kijani ni nyingine. Wataalamu wa usalama wa chakula hawalinganishi Septemba na Machi. Wanalinganisha Machi ya mwaka huu na Machi za miaka mingi iliyopita, mahali palepale. Mwezi wa Machi ukiwa na kijani hafifu kuliko kawaida Iringa, Mbeya au Rukwa, hapo kuna habari kwa mnunuzi wa mahindi, miezi kadhaa kabla bei haijapanda sokoni.

Kipimo hicho cha ukijani hutegemea mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu halioni lakini majani yenye afya huurudisha kwa wingi. Katika baadhi ya picha mwanga huo hupewa rangi nyekundu, ndiyo maana msitu unaweza kuonekana mwekundu kama unaungua. Hauungui, ila una majani mengi.

Kijani nacho hudanganya. Kwenye ghuba ya Winam, Kisumu, kuna miezi ambayo sehemu za Ziwa Victoria huonekana kama shamba jipya. Ni magugu maji. Yalienea ziwani katika miaka ya 1990, na kila yanaporudi kwa wingi huziba bandari na mialo, ikawa mitumbwi haitoki na samaki hawafiki mnadani. Hapo picha ina faida ya moja kwa moja, kwani upepo huyasukuma magugu kutoka pembe moja ya ghuba hadi nyingine, na ni rahisi kuyafuata kutoka juu kuliko kutoka ufukweni.

Masika ni tatizo. Mawingu hufunika nchi wiki nzima na picha za kawaida hutoa weupe mtupu, jambo la kuudhi kwa sababu ndipo barabara zinapokatika. Setilaiti za rada, kama Sentinel-1 iliyoanza kazi mwaka 2014, hupenya mawingu na kuonyesha maji yaliyotuama, ingawa picha zake ni za rangi ya kijivu na zinahitaji mtu aliyefunzwa. Kituo cha kanda cha ramani za rasilimali kilichoko Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1975 na ambacho Tanzania ni mwanachama, hufundisha kazi hiyo. Kenya yenyewe ilirusha setilaiti yake ya kutazama ardhi, Taifa-1, mwezi Aprili 2023.

Lakini kuna mambo ambayo hakuna setilaiti inayoyaona. Mwezi Machi 2021 mamlaka za Kenya zilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Mahindi yalikuwa yameshapakiwa, na malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye biashara ilifunguliwa kwa masharti: waagizaji kusajiliwa, na kila shehena kuwa na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye punje, shambani au ghalani, hasa mahindi yasipokaushwa vizuri. Shamba lililotoa mahindi yenye sumu na lililotoa mahindi safi yalikuwa na kijani kilekile mwezi Machi. Tofauti hupatikana kwa sampuli iliyochukuliwa kwenye gunia na kupelekwa maabara.