Urafiki na Udugu (5): Kufaana Kwanza, Kufanana Baadaye

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani kuhusu upweke, iliyotolewa tarehe 30 Juni 2025, inaendelea kuzungumzwa, na kila inapozungumzwa hapakosi mtu wa kusema kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu, sisi tuna ndugu. Laiti wanaosema hivyo wangeisoma. Inaeleza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka, yaani takriban watu 100 kila saa. Katika nchi tajiri waliojieleza kuwa wapweke ni kama asilimia 11. Katika nchi za kipato cha chini, ambazo nyingi zimo katika bara letu, ni kama asilimia 24. Tume iliyoiandaa iliongozwa na Vivek Murthy wa Marekani pamoja na Chido Mpemba wa Umoja wa Afrika, kwa hiyo hatuwezi kusema tumesemewa na wageni.

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua tulipofikia. Tumekwisha kuzungumza juu ya watoto wa tumbo moja na juu ya mume na mke, na wiki iliyopita tuliwaacha wapagazi wa Kinyamwezi wakitua mizigo Bagamoyo. Leo nataka tuwatazame ndugu wasiozaliwa nasi, wale tuliojifanyia wenyewe. Wazee walituachia methali kwamba udugu ni kufaana, si kufanana. Naiamini. Lakini kwa yote niliyosoma na kusikia juu ya jambo hili, nimeona kwamba wanaofaana kwa muda mrefu huishia kufanana, tena kwa mwendo, kwa maneno, hata kwa namna ya kukasirika. Methali imeweka mambo katika mpangilio wake, nasi tunaupindua tunapotafuta kwanza wanaofanana nasi ndipo tuanze kuwafaa.

Tumwangalie Mirambo, mtemi wa Urambo katika Unyamwezi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu wa Unyanyembe kwenda kumpiga Mirambo. Walishindwa vibaya, na muda mfupi baadaye watu wa Mirambo waliingia Tabora wakachoma nyumba. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kujuana kwao: risasi na moshi. Aprili 1876 Stanley alipita tena Unyamwezi, safari hii akishuka kutoka Uganda na Karagwe, wakakutana ana kwa ana mahali palipoitwa Serombo. Stanley alitarajia kumwona jambazi wa kutisha. Aliandika baadaye kwamba alimkuta mtu mtulivu, mwenye sauti ya upole na adabu nyingi.

Wakaamua kuchanjiana. Manwa Sera, mkuu wa watu wa msafara wa Stanley, aliwakalisha wakitazamana juu ya mkeka, akamchanja kila mmoja mguu wa kulia, akabadilisha damu ya huyu kwa ya yule, kisha akatamka kiapo kwa sauti kubwa. Atakayeuvunja udugu ule na aliwe na simba, aumwe na nyoka, chakula kiwe kichungu kinywani mwake, marafiki wamkimbie, bunduki impasukie mkononi. Mara nyingi nimelitafakari pigo lile la nne. Katikati ya simba, sumu na baruti, Manwa Sera aliweka kukimbiwa na marafiki, na hakuna aliyekuwapo aliyeona kwamba adhabu ile ni ndogo kuliko nyingine. Karibu miaka 150 baadaye tume ya wataalamu imehesabu maiti na kusema hivyohivyo.

Mirambo mwenyewe ni mfano mkubwa wa mtu aliyefinyangwa na aliokaa nao. Wangoni wa Zwangendaba walivuka mto Zambezi Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, wakapanda kaskazini hadi Ufipa. Zwangendaba alipofariki walitawanyika, na kundi lililoitwa Watuta likafika Unyamwezi. Inasimuliwa kwamba Mirambo katika ujana wake aliishi miongoni mwao akajifunza lugha yao. Ukiutazama utawala wake utawaona Wangoni ndani yake: vijana waliopangwa kwa vikosi, mashambulizi ya ghafla, na mateka walioingizwa jeshini hata wakawa watu wa Urambo. Rugaruga wake, yaani askari wake, walitoka huku na huku, lakini waliokula chungu kimoja walitembea kwa mwendo mmoja. Alikufa mwaka 1884, na dola yake haikudumu sana baada yake.

Kuchanjiana hakukuwa kwa Wanyamwezi peke yao. E. E. Evans-Pritchard aliandika mwaka 1933 juu ya udugu wa damu wa Wazande, mbali kaskazini, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba ule ni mkataba, wenye masharti yanayotajwa na adhabu inayojulikana. Wako wanaoona kwamba urafiki wenye masharti si urafiki. Mimi nauona ndio urafiki wa watu wazima. Aliyechanjiana nawe alijua siku hiyohiyo kwamba ana deni la kukulaza, kukulisha, kukusindikiza penye hatari na kukuzika. Siombi wembe urudi, maana tunajua leo maradhi yanayosafiri na damu. Ninachodai ni kwamba tumeutupa wembe, na kiapo tukakitupa pamoja nao.

Lililobaki kwetu ni utani, nao umekuwa shauku yangu tangu ujana. Vijana wengi wanalijua neno hili kupitia mpira tu, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, wakidhani watani wa jadi ni watu wa kuzomeana uwanjani. Yapo maandishi mazuri juu yake. A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala yake maarufu mwaka 1940, na mwaka 1944 ikafuata ya R. E. Moreau iliyohusu Tanganyika hasa. Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege, anayekumbukwa kwa kazi yake pale Amani katika milima ya Usambara, na napenda kukumbuka kwamba mtu aliyezoea kutulia akisikiliza milio msituni alitulia pia kuwasikiliza watu.

Asili ya utani wa makabila ni mbili, na mara nyingi huchanganyika. Ya kwanza ni vita vilivyokwisha: watu waliopigana walitafuta njia ya kuishi jirani bila kusahau wala kulipiza, wakayageuza matusi ya vita kuwa ya mzaha. Ndiyo maana Wangoni wana watani wengi. Ya pili ni njia ya misafara. Mnyamwezi aliyeshuka Pwani na pembe mgongoni alikuwa miezi kadhaa kutoka kwao. Akiumwa Uzaramo, nani wa kumuuguza? Akifa, nani wa kuchimba? Mzaramo alikuwa mtani wake, na utani ule ulimpa mgeni haki ya kuingia jikoni bila kualikwa na kuchukua kuku bila kuomba, huku ukimpa mwenyeji haki ya kumtukana kwa ushamba wake. Chini ya matusi hayo palikuwa na wajibu usiokwepeka: mtani humzika mtani. Tajiri wa pembe angeweza kumwacha mpagazi njiani. Mtani asingeweza.

Anayetaka kuuelewa utani na aende msibani. Niliwahi kumwona mtani aliyeingia msibani amevaa koti la marehemu na kofia yake, fimbo ileile mkononi. Alitembea kwa kuvuta mguu wa kushoto kama yeye. Alikohoa kikohozi chake. Akamkaripia mjane kwa nini chai haina sukari, kwa maneno yaleyale ambayo nyumba nzima iliyasikia kila asubuhi kwa miaka yote. Mjane, ambaye tangu jana yake hakuwa amekula wala kusema, alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na baada ya kilio akaomba maji. Wageni wa mjini waliokuwapo walinong'ona kwamba mtu yule hana heshima. Sikubaliani nao hata kidogo. Hakuna awezaye kuiga kikohozi cha mtu namna ile asipokuwa amekaa naye, amekula naye, amegombana naye na kupatana. Marehemu alikuwa amekwisha hamia ndani ya mtani wake siku nyingi, na siku ile wafiwa walionyeshwa kwamba hakuondoka mzimamzima.

Utani upo pia ndani ya ukoo: shemeji kwa shemeji, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, na mtamu kuliko wote, bibi au babu na mjukuu. Bibi humwita mjukuu wake mume, mjukuu humtishia bibi kumwacha kwa kuwa hana meno. Tazama kinachofuata. Baba ni wa kuheshimiwa, na katika nyumba nyingi huogopwa. Mtoto hukaa mbele yake kwa kujikunyata na hujibu kwa neno moja. Kwa babu hujiachia, huuliza ovyo, huzoza na kubisha. Basi mtoto hukua na usemi wa babu kuliko wa baba, na watu husema damu imeruka kizazi. Pengine damu ina sehemu yake, lakini mimi naona zaidi mkeka waliokalia pamoja bila hofu. Mzazi anayetaka mwanawe amrithi tabia, na apunguze makaripio akae naye.

Wanasayansi nao wamelishughulikia jambo hili. Mjini Framingham, Marekani, wakazi wamekuwa wakipimwa afya tangu 1948 kwa ajili ya utafiti wa moyo, na faili zao zilitaja jamaa na marafiki ili wasipotee. Nicholas Christakis na James Fowler walizitumia faili hizo, wakawafuatilia watu 12,067 katika miaka 32, na mwaka 2007 wakatangaza kwamba mtu ambaye rafiki yake alinenepa kupita kiasi alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 57 wa kunenepa naye. Kwa ndugu wa kuzaliwa ilikuwa asilimia 40, kwa mume na mke 37. Jirani wa ukuta mmoja ambaye si rafiki hakuonekana kuwa na athari, ilhali rafiki aliye mbali alikuwa nayo. Wapo waliopinga wakisema kwamba marafiki huchaguana wakiwa tayari wanafanana, na ubishi huo ni wa haki. Vivyo hivyo kwa sura: Robert Zajonc wa Chuo Kikuu cha Michigan alidai mwaka 1987 kwamba wanandoa hufanana nyuso baada ya miaka 25, lakini utafiti wa Stanford wa mwaka 2020, uliotumia picha za wanandoa wengi zaidi, ulikuta kwamba walifanana tangu walipooana na hawakuzidi kufanana. Kwa hiyo tusidanganyane kuhusu pua na macho. Kinachoambukizwa ni mazoea: unachokula, saa unayolala, unavyomsema mtu asiyekuwapo, unavyobeba shida. Na hayo ndiyo maisha yenyewe.

Nafasi imebaki finyu kwa takwimu nilizoanza nazo, basi niseme waziwazi. Ile asilimia 24 hainishangazi. Tumewahamishia vijana mjini pasipo mtani wala jamaa, katika vyumba vya kupanga ambavyo anayeugua ndani yake hugunduliwa kwa kukosekana kazini. Taarifa hiyohiyo inasema vijana wa miaka 13 hadi 29 ni miongoni mwa wanaosumbuliwa zaidi. Tunao ndugu, ni kweli, lakini tunakutana kwenye kundi la simu la michango, na ndugu anayekumbukwa kwa mchango tu si wa kufaana naye. Msibani mjini mtani huonekana fujo. Mshereheshaji aliyelipwa hushika kipaza sauti, na watani waliotoka mbali huketi nyuma kama wageni.

Mapendekezo yangu mawili nimekwisha kuyatoa mbele ya walimu na viongozi wa mtaa, na sitachoka kuyarudia. La kwanza, kila kamati ya mazishi imtafute mtani kabla ya kukodi turubai, na jina lake lisomwe katika ratiba pamoja na la mchungaji au shehe. La pili, somo la historia katika shule zetu limpe kila mwanafunzi kazi ya likizo: amhoji mzee mmoja wa kabila lake, aandike watani wao ni akina nani, walikutana vitani au njiani, na wana wajibu gani hadi leo. Shule zifunguliwapo, wale waliogundua kwamba makabila yao ni watani wakalishwe dawati moja.

Wiki ijayo tutashuka Pwani kuwatazama somo na kungwi, na namna msichana anavyopata mama wa pili ambaye hakumzaa.