Michoro ya Chodowiecki kama Ushahidi wa Jukwaa

Mtafiti wa tamthilia ya Kijerumani ya karne ya 18 ana matini mkononi, lakini uigizaji wenyewe umetoweka. Ndiyo maana michoro ya Daniel Chodowiecki (1726–1801), mzaliwa wa Danzig aliyefanya kazi Berlin, huchukuliwa kuwa picha ya jukwaa. Dhana hiyo ina ukweli nusu tu.

Mwaka 1769 alichora matukio 12 ya *Minna von Barnhelm* ya Lessing kwa kalenda ya mfukoni ya mwaka 1770. Mchezo huo ulikuwa umeigizwa Berlin mwaka 1768 na kupendwa mno; hata hivyo, mchoraji anawaweka wahusika katika vyumba vya nyumba ya wageni, si mbele ya hadhira. Anachosawiri ni hadithi. Mchoro wake wa 1778 wa *Hamlet* ni tofauti: unamwonyesha Brockmann, mwigizaji aliyeisisimua Berlin, katika tukio la mchezo ndani ya mchezo.

Hata hapo tahadhari inahitajika. Bamba la shaba hupakwa nta, sindano ikaikwaruza, kisha tindikali ikala mistari iliyo wazi. Bamba linapokandamizwa juu ya karatasi, kulia huwa kushoto, isipokuwa mchoraji awe ameugeuza mchoro tangu awali. Kwa hiyo anayechunguza mahali waigizaji waliposimama hana budi kwanza kutazama jambo dogo, ambalo wengi hulipuuza: upanga umening'inia ubavu upi?