Kompyuta ikigoma baada ya kusasishwa: usikubali ifutwe kabla ya hatua hizi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na tangu hapo familia nyingi za huku kwetu Maskati zimekuwa zikizihamishia laptopu zao kwenye Windows 11. Wengi huhama salama. Lakini wapo wanaoamka asubuhi wakakuta mashine inawaka, inaonyesha nembo, kisha kioo kinageuka bluu, inajizima na kujiwasha tena, na mchezo unaanza upya. Katika matoleo mapya ya Windows 11 kioo hicho sasa ni cheusi, lakini ugonjwa ni ule ule.

Mimi ni muuguzi, si fundi wa kompyuta. Ninaandika kwa sababu nimeona familia zikipoteza picha za harusi, risiti za ada na kazi za chuo za miaka mitatu, si kwa ajili ya kompyuta kuharibika, bali kwa ajili ya haraka ya kuitengeneza.

Kinachozimika ni nini?

Ndani ya kila mfumo endeshi kuna sehemu inayoitwa kerneli, yaani kiini. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachoruhusu programu kutumia diski, kibodi, kamera na intaneti. Programu ya kawaida, kama ya kuandikia barua, ikikosea, hufungwa peke yake na nyingine zinaendelea. Kosa likitokea ndani ya kiini, mfumo hauna wa kumtegemea tena. Unajisimamisha wenyewe kwa makusudi, ili usiendelee kuandika takataka juu ya mafaili yako. Kwa hiyo kile kioo cha bluu, pamoja na kutisha kwake, ni kinga.

Kwa nini hutokea baada ya kusasisha? Sababu kubwa ni draiva, yaani programu ndogo zinazounganisha kiini na vifaa kama kadi ya picha, Wi-Fi na printa. Nyingi hufanya kazi ndani ya kiini chenyewe. Kiini kikibadilika na draiva ikabaki ya zamani, au draiva mpya ikiwa na kasoro, hawaelewani. Programu za kuzuia virusi nazo huingia humo humo ndani.

Ijumaa ile ya Julai 2024

Mfano mkubwa kuliko yote tuliushuhudia sote. Tarehe 19 Julai 2024, saa 2:09 asubuhi kwa saa za Maskati, ambapo Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa 1:09, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho dogo kwa wateja wake wenye Windows. Programu yao ilikuwa na draiva ndani ya kiini. Faili jipya lilitaka taarifa 21, na programu ilikuwa imeandaa 20 tu. Ilipoitafuta ya 21 ikasoma mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu, na kiini kikasimama.

Sasisho liliondolewa baada ya dakika 78, lakini Microsoft ilikadiria kuwa mashine milioni 8.5 zilikuwa zimeshaanguka. Ndege zilikwama. Uingereza, madaktari wengi wa familia hawakuweza kufungua kumbukumbu za wagonjwa katika mfumo wa EMIS, na wenzetu wauguzi wakarudi kwenye kalamu na karatasi.

Ponyo lenyewe lilikuwa jepesi: kuiwasha mashine katika hali salama na kufuta faili moja lenye kasoro. Hakuna aliyelazimika kufuta diski nzima kwa sababu ya kosa lile. Kilichochelewesha watu ni kwamba kila mashine ilibidi ifikiwe kwa mkono, na nyingi zilikuwa zimefungwa kwa ufunguo wa BitLocker ambao wenyewe hawakujua ulipo.

Anza na maswali matatu

Kabla hujabonyeza chochote, jiulize: nini kilibadilika mara ya mwisho? Huenda ni Windows yenyewe, huenda ni printa mpya, huenda ni programu ya kuzuia virusi. Pili, inaanguka wakati gani: kabla ya kufika kwenye nywila, au baada ya kufungua kitu fulani? Tatu, kioo kinasema nini? Piga picha kwa simu. Chini huwa na maneno ya herufi kubwa. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE maana yake kiini kimeshindwa kuifikia diski. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL mara nyingi huelekeza kwenye draiva. Ukiona jina la faili linaloishia na .sys, liandike, huenda ndilo mshukiwa wako.

Hatua kwa hatua, kwa Windows

1. Chomoa kila kitu cha nje: fleshi, printa, diski ya nje, hata kipanya. Washa tena.

2. Ikigoma, washa, na nembo ikitokea bonyeza kitufe cha kuzimia hadi mashine izime. Rudia. Mara ya tatu Windows yenyewe hufungua ukurasa wa matengenezo.

3. Chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "Uninstall Updates". Hapo utaweza kuondoa sasisho la karibuni, liwe dogo au kubwa. Hatua hii haigusi picha wala nyaraka zako.

4. Isiposaidia, kwenye ukurasa huo huo chagua "Startup Settings", washa upya, kisha bonyeza 4 upate hali salama. Humo mashine hutumia draiva chache za lazima tu. Ikiwaka vizuri humo, yaelekea mgonjwa ni draiva au programu. Ondoa ile uliyoiweka mwisho.

5. Kama umepandisha kutoka Windows 10 na kompyuta inawaka lakini inaanguka-anguka, una siku 10 za kurudi ulikotoka kupitia mipangilio, sehemu ya "Recovery". Baada ya hapo mlango hufungwa.

6. Ikianguka ovyo bila mpangilio, kila mara kwa maneno tofauti, shuku kifaa chenyewe. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta, upime kumbukumbu. Na huku kwetu usisahau joto: laptopu iliyoachwa ndani ya gari mwezi wa Juni, au yenye feni iliyojaa vumbi, huanguka hata kama haijasasishwa.

Wanafunzi wanaotumia Ubuntu wana bahati: kiini cha zamani huwa hakifutwi mara moja. Wakati wa kuwasha bonyeza Esc, au Shift kwa mashine za zamani, ingia "Advanced options for Ubuntu", uchague namba ya chini kidogo. Wenye Mac mpya washikilie kitufe cha kuwashia hadi chaguo zitokee, wachague diski, wakamate Shift na kuingia katika hali salama.

Ufunguo wa tarakimu 48

Laptopu nyingi za sasa hufunga diski yake kwa siri bila hata kukuuliza. Siku ya matatizo, ukurasa wa matengenezo unaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Bila huo, fundi hodari kuliko wote hapa Ruwi hawezi kuyafikia mafaili yako. Kwa kawaida ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuifungulia kompyuta. Wazazi, angalieni ni akaunti ya nani: ya baba aliyehamia Dubai, au ya chuo ambayo mtoto ataipoteza akihitimu? Uandikeni kwenye karatasi leo, ukae na pasipoti.

Ukifika dukani

Binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, laptopu yake iligoma wiki tatu kabla ya kukabidhi mradi. Duka la kwanza lilimwambia: "Tunafomati, njoo kesho." Mama yake akaja kwangu na ile laptopu ndani ya kanga. Tulifuata hatua hizi mezani. Ilipofika ya tatu, sasisho likatoka na mashine ikawaka. Mradi wote ulikuwepo, haujapungua hata ukurasa. Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuunakili kwenye fleshi mbili, kabla hata ya chai.

Kwa hiyo ukimpelekea fundi, mwambie maneno mawili: "Mafaili kwanza." Muulize kama anaweza kuitoa diski na kunakili vilivyomo kabla ya kugusa mfumo. Mwonyeshe picha ya kile kioo na ufunguo wako. Akikataa, shukuru, chukua kompyuta yako, nenda duka la pili.

Na kwa wale ambao bado hawajasasisha: msiogope kusasisha, kwani mashine isiyopata kinga za usalama ni hatari zaidi. Chagueni siku isiyo na mtihani wala kazi ya kukabidhi. Nakilini picha na nyaraka kwenye diski ya nje, kisha ichomoeni. Chomekeni chaja. Ijumaa baada ya sala ni wakati mzuri: watoto wapo nyumbani, na mna siku nzima ya Jumamosi ya kurekebisha kama kuna lililokwenda kombo.