Mfululizo Mmoja, Wasomaji Wengi: Bwana Msa, Harry Potter na Hisia Zinazogeuka

Utangulizi

Riwaya teule ambazo tumekuwa tukifundisha katika shule za upili zimekuja moja moja. Utengano, Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri, kila moja ina mwanzo na mwisho wake, nasi huichambua kama kazi iliyokamilika. Mfululizo wa riwaya hauchambuliki kwa urahisi huo. Mtoto aliyeanza kitabu cha kwanza cha Harry Potter mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, alikisoma cha saba mwaka 2007 akiwa na ishirini na mmoja. Katika muda huo mapenzi huweza kugeuka uchovu, uchovu ukawa hasira, na hasira ikarudi baadaye kuwa mapenzi ya namna nyingine. Makala haya yanakusudia kukuonyesha, mwalimu mwenzangu, kwamba mabadiliko hayo ya hisia yanaweza kuhakikiwa na kufundishwa, na kwamba tukiyapuuza tunapoteza wahakiki chipukizi tulio nao darasani.

Nitatumia mifululizo miwili. Wa kwanza ni ule wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ulioanza na Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ukafuatiwa na Kisima cha Giningi (1968) na kufika Kosa la Bwana Msa (1984). Wa pili ni wa J. K. Rowling wa Uingereza. Utasema kwamba wa kwanza ni wa upelelezi na wa pili ni wa kifantasia. Ni kweli, lakini yote miwili humweka msomaji mbele ya mambo ya ajabu: mizimu, wachawi na nguvu zisizoonekana. Tofauti ni kwamba katika Harry Potter ajabu ni kweli ya ulimwengu wa hadithi, ilhali kwa Bwana Msa ajabu ni imani ya wahusika, nayo hupimwa kwa akili mpaka mkono wa binadamu uonekane.

Upeo wa matarajio

Mwaka 1967, Hans Robert Jauss wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, alitoa mhadhara uliojenga msingi wa nadharia ya upokezi. Alishikilia kwamba msomaji haijii kazi ya fasihi mikono mitupu. Huja na upeo wa matarajio, yaani jumla ya yale aliyoyasoma, aliyoyaishi na anayoyategemea. Kazi huweza kuutimiza upeo huo, kuupanua au kuuvunja.

Katika riwaya moja, upeo huo huletwa na vitabu vya watu wengine. Katika mfululizo, kitabu cha kwanza ndicho huujenga. Kinakuwa kama ahadi ya posa: kila kitakachofuata kitapimwa kwa ahadi hiyo. Kwa hivyo mwanafunzi anapokuambia, "Mwalimu, kitabu cha tano kinachosha," usimjibu haraka. Muulize ni ahadi gani ambayo anahisi imevunjwa. Jibu litaangukia katika mojawapo ya mambo matatu: kitabu kimebadilika, msomaji amebadilika, au dunia inayowazunguka imebadilika.

Kitabu kinapobadilika

Mabadiliko haya ndiyo rahisi kuthibitisha kwa sababu yamo katika matini. Katika toleo la Uingereza, kitabu cha kwanza cha Harry Potter kina kurasa 223. Cha tano, kilichotoka mwaka 2003 baada ya wasomaji kungoja miaka mitatu, kina kurasa 766. Toni nayo iligeuka. Mwishoni mwa kitabu cha nne (2000), Cedric Diggory, kijana asiye na kosa, anauawa mbele ya macho ya Harry. Msomaji aliyekuja kwenye karamu alijikuta matangani. Wapo waliosema mfululizo umeharibika, na wapo waliosema umekomaa. Wote walikuwa wakiuzungumzia ukurasa ule ule.

Kwa Bwana Msa, tazama majina ya vitabu tu. Mzimu na kisima vya mwanzo vinatuita kwenye mahali pa kutisha. Mke Mmoja Waume Watatu (1975) linadokeza fumbo la nyumbani, la ndoa na siri zake. Kosa la Bwana Msa linamtangazia msomaji, hata kabla ya kufungua jalada, kwamba shujaa aliyemwamini tangu 1960 naye hukosea. Kwa msomaji aliyempenda kwa sababu hakosei, jina hilo ni pigo. Kwa msomaji aliyechoshwa na mpelelezi asiyeteleza, jina hilo hilo ni mwaliko.

Msomaji anapobadilika

Mara nyingine kitabu hakijabadilika hata herufi moja, ila anayekishika siye yule. Katika mfululizo wa Rowling kuna vibwengo wanaowatumikia mabwana zao bila ujira, na wengi wao husemekana kuupenda utumwa huo. Mtoto wa darasa la sita hucheka. Akikirudia kitabu hicho shuleni, akiwa amesoma historia ya ukoloni, kicheko kinamkwama kooni.

Nasi tunaofundisha hapa Karen tuna mfano wa karibu. Mtaa huu uko kwenye ardhi iliyokuwa sehemu ya shamba la kahawa la Karen Blixen, aliyeishi Kenya kuanzia 1914 hadi 1931. Katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu maisha hayo, wafanyakazi wa nyumbani wanasawiriwa kama watumishi waaminifu wanaomwenzi bwana wao. Ngũgĩ wa Thiong'o aliikosoa vikali picha hiyo. Mwanafunzi anayepita kila siku karibu na jumba la makumbusho la Blixen ana haki ya kumuuliza kibwengo swali lile lile tunalomuuliza mpishi wa shamba: nani anasema kwamba anapenda?

Kumbuka pia kwamba darasa moja halina upeo mmoja. Katika madarasa ya sehemu hizi unaweza kumkuta mtoto ambaye kwao vitabu vyote saba vimepangwa rafuni, ameketi na mwenzake kutoka kijiji cha Kuwinda ambaye ameona filamu mbili tu kwa jirani, na wa tatu ambaye hajui Harry ni nani. Ukiuliza, "Mlihisije?" kana kwamba wote walianzia mahali pamoja, utawasikia wale wa rafu peke yao. Bwana Msa husaidia hapa. Kwa wengi wao ni mgeni, na wote huanza naye ukurasa wa kwanza.

Dunia inapobadilika

Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili cha Abdulla, Zanzibar ilifanya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Dunia ya mabwana wenye mashamba, ambayo msomaji wa 1960 aliikuta ikiwa hai, ilikuwa imepinduliwa alipokishika kitabu cha 1968. Kisha Azimio la Arusha la 1967 likaleta Tanzania Bara na Visiwani mtazamo wa uhakiki uliotaka kila kazi iseme iko upande wa nani. Riwaya ya upelelezi, hata ikiwa na Kiswahili kitamu namna gani, ilianza kuonekana na baadhi ya wahakiki kama burudani tu. Mzimu ulikuwa pale pale. Kipimo ndicho kilichohama.

Harry Potter naye alipatwa na hayo. Mwaka 2016, miaka tisa baada ya kitabu cha saba, Rowling alichapisha maelezo ya shule ya Afrika iitwayo Uagadou, akaiweka katika Milima ya Mwezi nchini Uganda, ambako wanafunzi wanaweza kufanya maajabu kwa mikono bila fimbo. Msomaji wa Afrika Mashariki aliweza kufurahi kwamba hatimaye Ruwenzori imeingia katika ramani hiyo. Aliweza vilevile kuuliza kwa nini bara zima lipewe shule moja yenye hadhi ilhali Uingereza na Ayalandi zina yao. Mwaka 2020, maoni ya mwandishi huyo kuhusu jinsia yaliwagawa wasomaji wake kote duniani. Wengine waliviweka vitabu kando; wengine walisema kitabu kikishachapishwa ni mali ya msomaji. Hilo ni swali zuri la mjadala, na halina jibu la mwongozo wa kusahihishia.

Neno moja, hisia mbili

Kuna badiliko jingine ambalo sisi walimu wa Kiswahili tunalikuta kuliko wenzetu wa Kiingereza. Mwambie mwanafunzi asimulie Harry Potter kwa Kiswahili, naye atasema "shule ya wachawi". Papo hapo darasa linaguna. Katika Kiswahili mchawi ni mtu wa kudhuru. Anayetibu ni mganga, anayechezea macho ya watu hufanya kiinimacho au mazingaombwe. Kwa hiyo kitabu kilichopendwa kwa lugha moja kinaogopwa kwa lugha nyingine. Mzazi anayelalamika kwamba shule inafundisha uchawi huenda anaitikia neno kabla hajaitikia kitabu.

Wala neno hilo si mchezo. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kushukiwa kuwa wachawi. Katika Kaunti ya Kilifi pia wazee wameuawa kwa shutuma kama hizo. Ukimfundisha Bwana Msa ukiwa na habari hizo akilini, riwaya ya 1960 inaacha kuwa kongwe. Mtu amekufa, wenyeji wanautaja mzimu, na mpelelezi anakataa kukubali jibu hilo mpaka aulize maswali yote. Mwanafunzi aliyeanza kwa kumcheka mzee huyo na kiko chake huweza kumaliza akimheshimu, na hapo hisia zake zitakuwa zimebadilika kwa sababu anayoweza kuitaja.

Namna ya kufundisha

Jaribu zoezi hili. Mpe kila mwanafunzi daftari ya hisia, yenye safu tatu. Kila anapomaliza sura tano, aandike alichotarajia, alichokuta na alichohisi. Mwishoni mwa kitabu arudi mwanzo, aonyeshe mahali hisia ilipogeuka na aamue: ni kitabu, ni mimi, au ni dunia? Sharti ni moja. Hisia isiyo na ukurasa wa kuithibitisha haihesabiwi.

Zoezi hili halipingani na mtihani. Karatasi ya Tatu ya KCSE hudai hoja na ushahidi kutoka katika matini, na mwanafunzi aliyezoea kuitafutia hisia yake ukurasa hatapata shida kuithibitisha hoja. Lakini faida kubwa iko nje ya mtihani. Wengi wa wanafunzi wetu huacha kusoma riwaya siku wanapofunga karatasi hiyo. Atakayeendelea ni yule aliyejua mapema kwamba kuchoshwa na kitabu si dhambi, na kwamba kitabu kilichomchosha akiwa na miaka kumi na tano anaweza kukirudia akiwa na thelathini, akakuta kimemngoja.